Urefu wa Kamba

Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake.
Methali hii niliikuta Mvumi, kama wote,
lakini mjomba Chedego aliongeza lake:
"Na hufa kwa urefu huohuo."
Usimfunge mwanambuzi karibu na kisiki.
Usimfunge penye mteremko.
Akizunguka mara tatu kamba inakuwa fupi,
akiteleza mara moja inakuwa ya mwisho.
Na aliyekabwa hapigi kelele, alisema,
ndiyo maana tunamkuta jioni.

Haya niliyajua kabla sijajua kusoma.
Nikayasahau Ilazo.

Nyumba ya kupanga, vyumba vitatu, vigae sakafuni,
na Mama Malogo, mwenye nyumba, akijivunia madirisha:
"Hapa hakuna pazia la kufua. Haya ni ya kukunja,
unavuta kamba tu, kama ofisini Mtumba."
Tukafurahi kweli.
Jua la saa kumi linalokula ukuta wa magharibi,
vumbi la Agosti lisilobisha hodi,
ukivuta, vibao vinageuka, chumba kinapoa
kama chini ya kichanja cha zabibu.
Kitanda cha Nyemo tukakiweka pale pale dirishani
apate hewa.

Kamba yenyewe nyeupe, nyembamba kuliko ya kiatu,
imeungana chini, kitanzi,
na tone la plastiki linaning'inia kama kishaufu
mpaka usawa wa foronya.
Kila asubuhi niliishika. Nikaivuta. Nikaiacha.
Mtu hukiona kitu mara mia
asikione.

Jumamosi ile Perisi alikuwa sokoni Majengo,
mimi jikoni nakoroga uji,
redio inasoma bei za alizeti.
Nyemo, mwaka mmoja na miezi minane,
anaimba wimbo wake usio na maneno.
Kisha haimbi.

Sikukimbia.
Niseme kweli, maana ndiyo sababu ya kuandika haya:
nilifurahi. Nikasema, amelala.
Nikaepua uji kwanza. Nikaufunika.
Ndipo kitu kikanipeleka mlangoni, wala si akili,
labda harufu ya mbuzi, ya miaka ile.

Amesimama kitandani kwa ncha za vidole.
Kamba ameivaa
kama aonavyo mama yake akivaa shanga za Jumapili.
Alishageuka mara mbili.

Sikumwita.
Angekuja.

Nikatembea juu ya vigae vile kama avukaye korongo
maji yakiwa kifuani,
nikapitisha mikono makwapani, nikamwinua,
kamba ikalegea.
Chini ya sikio mstari mwekundu, mwembamba,
ulikaa mpaka Jumanne.

Mkasi wa kupogolea ulikuwa stoo, wa shamba la Hombolo,
utomvu wa zabibu umekauka kwenye meno yake.
Nikakata chumbani. Nikakata sebuleni, jikoni,
hata chooni, ambako dirisha liko juu ya kichwa changu.
Kitanda nikakisukuma mpaka ukuta wa ndani.
Perisi akarudi na nyanya zake
akanikuta juu ya stuli, jasho, mkono unatetemeka.
Hakuuliza. Aliangalia shingo ya mtoto,
akaweka kikapu chini,
akaishika stuli isiyumbe.

Sasa vibao vimekwama nusu, upande juu upande chini,
kama jicho la aliyeamkia msiba.
Mama Malogo amekuja, ameguna:
elfu sabini kila dirisha. Nitalipa.
Wageni wanasema fundi wenu aliwaibia.
Na saa kumi jua linaingia lote, bila haya,
mpaka miguuni pa kabati,
Nyemo analikimbiza kwa mikono miwili
akiimba.

Ila jana, kwa jirani mpya, ghorofani,
nimeona dirisha wazi,
kitanda kidogo cha mbao chini yake, bado kina karatasi ya dukani,
na kitu cheupe, chembamba,
kinachezewa na upepo.

Nimesimama getini kwao, mkasi mfukoni,
natafuta namna ya kuanza.
Simjui hata jina.
Hodi.